Kayamba Langu Mbele ya Wasaili

Enzi zetu sisi tuliokulia Kikoneni kabla nguzo za umeme hazijatufikia, mtoto aliyetaka kuimba hakuhitaji chaja. Alihitaji wenzake tu. Siku hizi namtazama binti yangu Rehema, anaomba ufadhili wa kusomea muziki chuo kikuu, na kazi yote anaifanya amejifungia chumbani. Anaimba mbele ya simu sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote yeye, kisha simu inazipanga pamoja na kwaya nzima inatoka, kwaya yenye pua moja. Nikichungulia mlangoni kumuuliza kama atakula, napungiwa mkono kama kuku aliyeingia sebuleni. Haya. Nami niliwahi kuomba ufadhili kama huo, tena wa muziki huo huo, na nyumbani kwetu hata mlango wa kujifungia ungetafutwa usingepatikana.

Nakumbuka msimu wa korosho. Tulikwenda shule midomo imebabuka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na subira ya kungoja zipoe, na mafuta ya ganda la korosho hayana huruma. Alasiri ilikuwa madrasa, na tukitoka madrasa ni mdako, au kuruka kamba, au kati kwa mpira wa matambara, mpaka mama mmoja aite na sote tutawanyike, maana sauti ya mama yeyote ilikuwa ya mama wa sote. Chakula kilikuwa mihogo na nazi, mbaazi, na siku ya Ijumaa wali wa nazi ambao ukoko wake tuliugombania kama urithi. Mtoto wa leso moja na kandambili zilizoshonwa kwa waya alijiona amevaa. Leo mtoto huvua kiatu kizima akasema kimepitwa na wakati.

Na lilikuwako kayamba. Kwa wale ambao hawakulishika, kayamba ni mitete iliyofungwa bapa, ndani mna mbegu kavu. Unalishika kwa mikono miwili, unalitikisa, na vidole gumba vinaligonga mgongoni. Dada mkubwa wa baba yangu, Shangazi Mwanamisi, ndiye aliyeongoza kina mama wa kayamba mtaani petu, na hakukuwa na harusi kutoka Vanga mpaka Msambweni iliyotaka kuitwa harusi bila wao. Shangazi alikuwa mnene, mcheshi, mkali, na hakufundisha kwa maneno. Ulikaa ubavuni pake. Ukikosea, ulipata kiwiko. Mimi nilikua na ubavu mmoja mgumu kuliko wa pili.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Mwenye kuanza wimbo huimba mstari wake, akafunga mdomo, na wengine ndio wakapokea. Siku ya kwanza nilipoachiwa kuanza, nilinogewa, nikaimba mstari wangu na wa kupokea pia. Shangazi aliwanyamazisha wote, harusi nzima ikageuka kunitazama. "Huo si wako, mwanangu," aliniambia. "Wewe ukishaanza, ngoja." Niliona haya mpaka masikioni, na tangu siku hiyo mstari wa kupokea ulikuwa mwiko kinywani mwangu.

Sekondari nikampata Mwalimu Makokha, mtu wa bara aliyepelekwa kwetu na serikali na kupokewa na joto letu. Alikuja na filimbi chache za plastiki, tukazipuliza kwa zamu, na baina ya mdomo mmoja na mwingine filimbi ilichovywa ndooni. Siku za korosho aliikagua midomo kwanza. Alikuwa akisema "uko na" kila mahali, nasi tukamwiga nyuma ya darasa mpaka tukajikuta tunasema hivyo na majumbani, tukakaripiwa. Lakini nilipokuwa namaliza, ndiye aliyeniita akaniambia, "Mejumaa, wewe uko na muziki. Jaza hii." Ilikuwa nafasi ya ufadhili kwa vijana wa Pwani, masomo yote ya muziki chuo kikuu, na wasaili wangekuja hapa hapa Kwale, katika ukumbi mmoja kule Matuga.

Wenzangu, niliitaka nafasi ile kwa roho yangu yote. Nilitaka kuwa mwalimu wa muziki, nisimame mbele ya watoto na ndoo yangu ya filimbi. Baba, muuza machungwa asiye na maneno mengi, alisikiliza habari yote kisha akasema, "Ukipata, nenda na radhi zangu. Usipopata, ni Diani." Diani maana yake nilikuwa nimekwisha tafutiwa kazi hotelini, kufua mashuka ya wageni na kuyapiga pasi. Si kazi mbaya, wengi wamesomesha watoto kwayo. Lakini mimi nikifumba macho nilikuwa nayaona mashuka meupe yamepangwa tangu Ukunda hadi baharini, na hakuna wimbo hata mmoja.

Mwalimu Makokha alinichagulia kipande cha filimbi kilichoandikwa kwa nota, nikakisomea mpaka mbuzi wa jirani wakakizoea. Shangazi alipopata habari alivunjika moyo. Filimbi ya nini, na wao wapo? Baba akamweleza kwa adabu kwamba huu si ukumbi wa harusi, kila mwombaji huingia peke yake akapimwa. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akasema inshallah. Mnaoijua Pwani mnaijua na inshallah ya namna ile.

Siku ya usaili nilifika Matuga na Mwalimu Makokha, mkobani mna filimbi na kayamba langu, ambalo nilikuwa nimelichukua kwa ajili ya kunituliza roho tu. Uwanjani walikuwa wamejaa vijana wa Mombasa na Malindi, huyu na gitaa, yule na kinanda ndani ya mfuko mweusi mrefu kama jeneza la mtoto. Hakuna aliyezungumza na mwenziwe. Hapo likaingia pikapu la nazi. Juu ya nazi walikaa Shangazi na kina mama wanne, leso sare, makayamba mapajani, na kapu la mahamri. Nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo nikapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Karani wa mlangoni alikuja mbio. Shangazi akamwamkia vizuri, akamuuliza hali ya nyumbani kwake, hali ya watoto, hali ya wazazi, akampa hamri, kisha akamweleza kwamba wao ndio wenye binti. "Mtoto wa kike hapelekwi kuimba peke yake kama asiye na kwao," alisema. Karani naye, mdomo umejaa, akasema sheria ni sheria. Wakapatana: kina mama watakaa barazani, na hakuna atakayeimba hata neno. Shangazi aliapa. Na Shangazi akiapa, ameapa.

Ndani walikuwa wasaili watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Niliwapa shikamoo mmoja mmoja. Wawili waliitikia marahaba, wa tatu, kijana wa Nairobi, akasema poa. Aliyekuwa mkubwa wao ni profesa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Nikatoa filimbi. Mdomo ulikuwa umekauka, vidole vimekufa ganzi, na kile kipande ambacho hata mbuzi walikijua kikatoka kama jogoo aliyekanyagwa. Nilikikatiza katikati. Kijana wa poa akaandika kitu kifupi, na kitu kifupi kwenye usaili si kizuri. Nikayaona mashuka ya Diani yanakunjuliwa.

Profesa akauliza, kwa huruma nadhani, mkobani mna nini kingine. Nikatoa kayamba, nikalitikisa, na mikono ikarudiwa na uhai. Nikaanza wimbo wetu wa harusi, wa kuku wa jirani kala mchele wa bibi harusi. Nikamaliza mstari wangu. Nikafunga mdomo.

Kayamba likaendelea, mimi nimenyamaza. Wasaili wakatazamana.

"Endelea," profesa akasema.

"Nangoja, Profesa."

"Unangoja nini?"

"Kupokewa."

Akaniambia niimbe tu na sehemu hiyo mwenyewe. Nikafungua mdomo, na wallahi mstari haukutoka, kama kwamba Shangazi alikuwa amekaa juu yake. Nikatega sikio barazani. Hata kikohozi hakuna. Walikuwa hatua chache nyuma ya ukuta, wanaujua wimbo kuliko majina yao, na walikuwa wameapa. Najua walikuwa wanatafuna leso. Machozi yakanilengalenga. Nikajiambia, Mejumaa, unakwenda kufua mashuka kwa sababu ya kuku wa jirani. Hapo kitu kikanipanda, sijui ni ujinga au ni damu ya Shangazi, nikachukua kiti changu, nikakisogeza mpaka ubavuni pa profesa, nikakaa.

"Basi nipokeeni nyinyi," nikasema. "Mstari wenu ni huu: mwacheni ale, naye ni mgeni."

Sijui kwa nini walikubali. Pengine walikuwa wamechoka na magitaa. Nikaanza, wakapokea, kila mmoja njia yake. Nikaanza tena. Profesa akawahi, akaingia kabla sijamaliza, na kiwiko changu, bila kuniomba ruhusa, kikampata mbavuni. "Unawahi, Profesa," nikamwambia kwa heshima zote. "Ngoja nimalize." Miwani ikamwanguka kifuani. Kisha akajiweka sawa kitini kama mtoto wa madrasa, akangoja, na akaingia pale pale. Yule mama msaili akaanza kupiga makofi, kijana wa poa akaweka kalamu chini, na wote watatu wakawa wanamtetea kuku wa Kikoneni kwa sauti zilizotofautiana kabisa, moja ya juu, moja ya chini, na moja haijulikani.

Barazani hawakuimba. Walicheka. Kicheko kilianza kama maji ya chungu, kikafurika, kina mama watano wanalia kwa kucheka, na Shangazi akachungulia dirishani kuomba radhi: aliapa kutoimba, hakuapa kuhusu hili. Profesa akaniuliza nani amenifundisha kufundisha. Nikamwonyesha dirisha.

Nilipata. Jibu alilileta Mwalimu Makokha mwenyewe, kwa baiskeli, jasho linamtiririka, anapiga kelele tangu njia panda. Baba alinipa radhi zake mbele ya watu, na Shangazi akalia mpaka akakasirika. Nikaenda chuo kikuu. Huko kila mmoja wetu alipewa ufunguo wa chumba kidogo cha mazoezi, kina kiti kimoja, na mlango mnene usiopitisha sauti. Nilifundishwa nota, nikafundishwa kinanda, nikajifunza mambo ambayo sitaacha kuyashukuru. Na humo ndani, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, nikajifunza na kuimba sehemu zote.

Likizo ya kwanza nilikuta harusi Msambweni. Nafasi yangu ubavuni pa Shangazi ilikuwa wazi, walikuwa wamenitunzia. Nikapewa heshima ya kuanza. Nikaanza, nikamaliza mstari wangu, na kabla kina mama hawajavuta pumzi, nikaendelea na wa pili. Nikaupokea mwenyewe, tena vizuri, sauti imenyooka, kila kitu mahali pake. Sikujua hata nimefanya nini mpaka makayamba yaliponyamaza. Nilingoja kiwiko. Hakikuja. Shangazi alinitazama, akaliweka kayamba lake juu ya mkeka polepole.

"Umekwisha jipokea, mwanangu," alisema. "Basi sisi twendeni tukale."

Watu walicheka sana, ilikuwa harusi bwana, nami nikacheka nao. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia peke yangu.

Shangazi ametangulia mbele ya haki, na wale kina mama wa pikapu waliobaki hawatoki nje ila kwa mkongojo. Mimi ni mwalimu, na wanafunzi wangu ni hodari kuliko tulivyokuwa sisi. Wana mashine za kuwasahihisha bila kuwaumiza mbavu. Rehema amekwisha tuma maombi yake, na kwa nilivyosikia kupitia mlango, anaimba vizuri kuliko mimi. Wasaili watamwona kwenye kioo cha simu, hawatalazimika kusogea vitini, na inshallah watampa. Ila mimi, nikiwa jikoni nakuna nazi na wimbo ukinijia, nauanza kwa sauti ili usikike mpaka chumbani. Nikimaliza mstari wangu nanyamaza, nangoja. Mtoto wa watu hutoa kile kidude cha simu sikioni, akaja mpaka mlangoni kwa adabu, akaniuliza, "Mama, ulikuwa unasema na mimi?"