Kichwa cha Habari ya Mwalimu

Pale chumba cha habari walimbandika jina la Mama Haki, na wala si kwa mapenzi. Akisema tu kwamba kichwa fulani cha habari kinamdhalilisha mwanamke, wanaume wa meza ya michezo wanaguna kwa pamoja, "Haya, mahubiri yameanza!" Miaka tisa hiyo, ya vichwa kama "mrembo huyu" na "makalio ya msanii yazua gumzo". Alishachoka, jamani, na kuacha kazi hakutaka, maana angewaachia uwanja.

Asubuhi moja ikaingia habari ya mwalimu wa hesabu aliyeuawa na mumewe kwa nyundo. Mama wa marehemu alimpigia simu Mama Haki mwenyewe. "Mwanangu, kufa ameshakufa. Usiwaache wamchafue." Naye akaahidi.

Sasa utaratibu wao ni huu: habari kubwa inatoka mtandaoni na vichwa viwili, nusu ya wasomaji wanaona hiki, nusu kile. Baada ya dakika ishirini, kilichofunguliwa na wengi ndicho kinabaki. Yeye akaandika, "Mwalimu auawa na mumewe nyumbani." Mkuu wa zamu akaandika, "Alikuwa akichati na nani? Siri ya simu iliyomponza mwalimu."

"Siri gani, kaka? Polisi hawajataja simu yoyote!"

"Nimeuliza tu, dada. Kuuliza si ujinga."

Damu ikamchemka. Akachukua kiungo cha kichwa kile kichafu, akakitupa kwenye kundi la wanawake wenzake: "Oneni uchafu huu! Njooni mseme!"

Wakaja, tena wengi. Wakafungua, wakakemea, wakawatumia marafiki, nao wakafungua. Lo! Mtu wa miaka tisa kazini, anajua fika kwamba mashine haitofautishi anayelaani na anayeshangilia. Yenyewe inahesabu waliofungua, basi. Hasira hasara, na hii aliitafuta mwenyewe.

Dakika ishirini zikaisha. Kichwa chake kikaondolewa.

"Wenzako wametubeba," mkuu wa zamu akamwambia, na hakuwa anakejeli. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Chini ya habari maoni yakamiminika. "Malaya huyo, alijitakia." "Mume apewe pole." Akafuta moja, yakaja kumi. Akafuta mpaka kidole kikafa ganzi. Mchana simu yake ikaita, mama wa marehemu.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. "Mjukuu wangu amenisomea yote," akasema. "Hawa wanaoandika hapa chini, walimjua mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Sasa aliwakosea nini?"

Alitaka kumwambia kwamba yeye ndiye aliyewaita watu. Badala yake akasema, "Pole, mama," na upande wa pili simu ikakatwa.