Kelele za Kuazima

Kwetu mwanamke hapigi kelele za uchungu. Mama yangu alituzaa sote kule Mchombe, na kwa maelezo yake mwenyewe, majirani walikuwa wanajua tu wakiona nepi zimeanikwa. Mwenye kupiga kelele, aliniambia tangu nikiwa msichana, atasemwa mpaka azeeke. Basi nikakua nikijua uchungu ni wa kujikaza kisabuni na kunyamaza.

Hatukuambiwa kwamba hospitalini uchungu hupimwa kwa masikio.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nimeolewa Lipangalala. Mimba ile ilikuwa ya pili. Ya kwanza niliifikisha mpaka mwisho, mtoto akazaliwa kimya, hakulia hata mara moja, tukamzika. Kwa hiyo safari hii mama aliuacha mpunga wake ukiliwa na ndege, akaja kukaa nami. Uchungu ulipoanza, asubuhi, mume wangu alinikalisha kwenye keria ya baiskeli akaisukuma, mama nyuma yetu na beseni kichwani, akiitikia shikamoo za watu wa njiani kana kwamba tunakwenda gulioni.

Hospitalini, kwenye mapokezi ya wagonjwa wa dharura, tulimkuta nesi mmoja, mdogo kwangu kwa umri. Mama yangu hakupewa shikamoo. Mimi niliulizwa, "Habari yako?"

Nikajibu kama nilivyolelewa. "Nzuri, dada. Ila mtoto anakuja."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mwenye uchungu wa kweli hana muda wa kusema nzuri. Kaa kwenye benchi, wewe bado sana."

Nilimwambia tena, kwa adabu, kwamba mtoto yuko karibu. Akasema wenye mimba ya kwanza wote husema hivyo. Nikamwambia hii si ya kwanza, lakini alikuwa ameshanipa mgongo, anaingia chumba cha ndani. Nilikasirika. Huyu wa tumboni nilikuwa nimeanza kumwamini, na sasa anacheleweshwa kwa sababu mama yake ana adabu.

Mama akanisogelea. "Piga kelele, mwanangu."

"Siwezi, mama."

Na kweli nilijaribu. Nilifungua mdomo, ikatoka pumzi tupu.

Mama aliutazama mlango alioingia nesi, akatua beseni, akakaza kanga kiunoni. Kisha akajilaza chini kwenye sakafu, mwanamke mwenye wajukuu, akaanza. "Mama wee, nakufa! Mtoto huyooo!" Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake kabla, na sijaisikia tena. Wenye homa walisahau homa zao. Mimi nilishikwa na kicheko katikati ya uchungu, jambo ambalo simshauri mtu yeyote.

Nesi alitoka mbio, mwenzake nyuma anasukuma machela. Wakakuta bibi mwenye mvi.

"Bibi, unayejifungua ni wewe?"

"Mimi hapana," mama akasema, akiinuka na kujikung'uta vumbi. "Nimemsaidia huyu. Yeye hajui."

Ndipo nesi alipokuja kwangu, akafunua kanga, na uso wake ukabadilika. Kichwa kilikuwa kimeshatokeza. Wodi ya wazazi hatukuiona. Walinilaza kwenye ile machela, wakavuta pazia, na mtoto akatoka palepale.

Akatoka kimya.

Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni. Niliiona mikono ya nesi yule ikikitoa, ikimfuta mtoto, ikimsugua mgongoni, na lazima niseme ilikuwa mikono inayojua kazi. Mama aliyekuwa akipiga mayowe sasa hata kupumua sikumsikia. Nilimwambia Mungu moyoni, usinirudishie ile siku.

Mtoto akapiga chafya. Halafu akalia, tena kwa hasira, kama aliyeamshwa bila ruhusa yake. Alikuwa wa kike.

Basi kifua changu kikafunguka. Nilipiga vigelegele, nikalia, nikacheka, nikamwita mama, nikamwita Bikira Maria, yote kwa pamoja. Mume wangu anasema alinisikia kule nje alikokuwa anailinda baiskeli, akaiacha.

Nesi alinigeukia, mwanangu yuko mikononi mwake. "Mama, punguza sauti. Kuna wagonjwa humu."

Sikupunguza.