Mtumbwi wa Mama Ulipokwama

Jumamosi, mwezi wa tatu. Mvua imeshinda ikinyesha, hata ziwa halionekani.

Nakumbuka siku moja ya mvua kama hii, mwanangu, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na kamba za nailoni zilipoanza kujaa madukani Mbinga. Mimi niliishia darasa la saba, sijui kama nitaieleza vizuri. Baba alikuwa amefariki, na mama alichongesha mtumbwi mlimani, juu ya kijiji chetu cha Lipingo, ili kaka zangu wavue, tupate kula. Kijiji kizima kilipanda kuuburuta hadi ziwani.

Waanglikana walishika kamba ya kulia, Wakatoliki ya kushoto. Mzee Filemoni akaanzisha wimbo wa kanisani kwao, na Katekista Benedikti akaanzisha wa kwao. Hawa wakivuta, wale wanapumua. Mtumbwi ukakwama ukingoni mwa korongo, na maji ya mvua yakazidi kupanda. Yangeuchukua, yangeupasua kwenye mawe.

"Nyamazeni ninyi kwanza!" Filemoni akafoka.

"Tunyamaze sisi? Nani alianza?" Benedikti akamrudishia.

Sitaki kumwonea mtu. Wote wawili walikuwa watu wa sala kweli, na viganja vyao vilichubuka kwa ajili yetu.

Mama akasimama kati ya kamba mbili. "Jamani baba zangu, Mungu anawasikia wote. Mtumbwi unasikia wimbo mmoja. Mlipomzika mume wangu mliimba pamoja. Sasa mnangoja afe nani?"

Ndipo Ado, ambaye kanisani alionekana siku za mazishi tu, akaanzisha wimbo uleule wa makaburini, ila kwa mwendo wa kuvuta.

"Kumbe Ado nawe unajua nyimbo?" Filemoni akamtania.

"Nazijua za kwenu na za kwao, mzee. Msiba sikosi!"

Watu wakacheka, wakavuta kwa pamoja. Mtumbwi ukaruka korongo, ukateremka, sisi nyuma yake tukipiga vigelegele mpaka ukaelea!

Mwanangu, anayesali kila alfajiri mheshimu, na anayekuja kwa msiba tu usimdharau; hujui nani atakuanzishia wimbo siku umekwama. Imani yako ishike sana, lakini vuta na wenzio wangali hai, msingoje kaburi liwakutanishe. Mungu akupe watu wa kuvuta nao, akutie nguvu mikononi.

Jioni ile tulikula ugali wa muhogo na kisamvu, samaki bado, Filemoni na Benedikti wakimega sahani moja.