Viatu vya Kunyanyulia Chuma

Kaka yangu alinyanyua chuma miguu mitupu, kama wengine wote katika kampi yetu ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi, Elisabethville. Mazoezi yalifanyika nyuma ya karakana, kwenye udongo mwekundu uliokanyagwa hadi ukawa mgumu kama tofali, na chuma chenyewe kilikuwa ekseli ya kigari cha mawe pamoja na magurudumu yake. Vidole vya miguu vilishika ardhi, basi. Hakuna aliyefikiri juu ya viatu mpaka shefu wa kampi, mzungu aliyeisimamia, aliposema kwamba wanyanyuaji wataonyesha nguvu zao ndani ya serkle, mbele ya wazungu.

Serkle ilikuwa ukumbi wa makarani, walimu na wauguzi, watu walioitwa wastaarabu. Mimi nilikuwa nimetoka tu shuleni kwa mapadre, nina diploma na ahadi ya kazi ya ukarani, kwa hiyo niliruhusiwa kuingia. Sheria ya mlangoni ilijulikana hata na watoto: miguu mitupu haipiti.

Kwa wengine yale yalikuwa michezo. Kwa kaka hayakuwa michezo. Msimamizi wake alikuwa amemwambia kwamba mvua zikianza huenda akahamishiwa mgodi wa Kipushi, kufanya kazi chini ya ardhi. Baba yetu alifanya kazi huko. Alirudi na kikohozi ambacho kilimwinamisha kidogo kidogo, mpaka akawa analala ameketi, na tulimzika kabla sijamaliza masomo. Shemeji yangu, mke wa kaka, mtu wa Mitwaba, alikuwa na mimba kubwa. Nilikaa kwao, katika chumba cha mbele, na kila nilipomsikia kaka akisafisha koo asubuhi niliacha kula.

Lakini wachezaji mpira wa kampi hawakupelekwa chini. Hilo tulilijua sote. Winga wetu wa kushoto alipaka rangi milango mwaka mzima, kwa sababu shefu hakutaka jiwe limvunje mguu. Kaka hakujua kucheza mpira. Alijua chuma.

"Bakiona nguvu yangu, batanibakisha hapa," alisema. "Sasa weye mwenye kusoma, fikiri. Nitavala nini?"

Nilifikiri kupita kiasi, kama kawaida yangu. Botini, buti za kazi za kampuni, zilikuwa na misumari chini. Zingekwaruza sakafu ya serkle, na mlinzi angezikataa. Nikaazima raba za tenisi kwa mwalimu mmoja. Kaka alizijaribu uani akiwa amebeba gunia la mchanga mabegani, nami nikapiga magoti nyuma yake kutazama visigino. Mpira wa soli ulibonyea chini ya uzito, kisigino kikayumba kushoto, kikayumba kulia.

"Vua, Yaya," nikamwambia, kama kwetu tunavyomwita kaka mkubwa. "Hii itakuangusha."

"Musyé wa diploma anaogopa raba," alisema, akiniita bwana kwa Kifaransa, akacheka. Lakini alivua.

Vilibaki viatu vyangu vya ngozi, vile nilivyovaa siku ya kupokea diploma. Kisigino kilikuwa kigumu, kimeinuka kidogo, na kaka alipochuchumaa navyo mgongo wake ulisimama wima kuliko alipokuwa miguu mitupu. Nilifurahi, kisha hofu ikanirudia: soli ya ngozi huteleza, na sakafu ya serkle ilikuwa saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta mpaka ikang'aa. Tena mguu wake ulikuwa mpana kuliko wangu.

Shemeji alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, anatutazama.

"Banaume babili, kiatu kimoja! Mukiendelea kufikiri hivi, mutoto atazaliwa, atatembea, banyinyi mungali munaangalia soli."

Hata hivyo ni yeye aliyetuletea maharagwe. Tuliyajaza ndani ya viatu, tukamwagia maji, tukaviacha mpaka maharagwe yakavimba na kuipanua ngozi. Kisha nilikwangua soli kwa msasa, nikabandika vipande vyembamba vya mpira wa baiskeli, mbele na kisiginoni. Nikakivuta kimoja kwa nguvu. Hakikubanduka. Nikavuta tena, na tena, mpaka kaka akaninyang'anya.

Siku ya maonyesho nilisimama ukutani. Shefu wa kampi alikaa safu ya mbele, na kando yake mgeni, mzungu anayeongoza kampi ya Kipushi. Mnyanyuaji wa kwanza alivaa viatu vya kanisani, vyenye soli laini. Alipotupa chuma juu, mguu wa nyuma ulimtoroka, akaanguka upande, na magurudumu yakaacha shimo kwenye sakafu. Wazungu walicheka. Yeye aliondoka ameushika mkono wake kifuani.

Zamu ya kaka ilipofika sikuweza kutazama uso wake. Nilitazama miguu. Alikivuta chuma mpaka mabegani, akakaa chini kabisa, na visigino havikusogea. Akasimama. Akapumua. Akakitupa juu, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, na viatu vyote viwili vikashika kama vimepigiliwa. Ukumbi ukalia kwa makofi. Mimi nililia kidogo, nikajifanya nakohoa.

Ndipo nikawasikia wazungu wale wawili wakizungumza Kifaransa, bila kujali nani yuko karibu.

"Mabega yale ni ya mashine ya kutobolea mwamba," alisema mgeni. "Hapa unamfanyisha nini?"

"Anasukuma vigari."

"Unamharibu. Nipe mimi, hata kabla ya mvua."

"Mchukue," alisema shefu wa kampi. "Kama angekuwa na mguu wa mpira nisingekubali."

Nilisimama pale nikielewa polepole kile ambacho kampi nzima haikuwa imeelewa. Mchezaji mpira alionyesha miguu, na miguu ile haikuwa na kazi mgodini. Sisi tulikuwa tumewaonyesha kitu hasa walichokihitaji kule chini, tena kwa ustadi.

Kaka alinikuta nje, jasho likimtiririka, meno yote nje.

"Niliona banasema juu yangu. Bamesema nini?"

Nilitafuta njia ya kulipunguza neno lile. Sikuipata, nikamwambia lilivyo.

Akauliza, "Balijua kama niko na bibi mwenye mimba?"

"Hawakuuliza, Yaya."

"Weye hukubaambia?"

"Hapana."

"Ni muzuri," alisema. "Bangekucheka."

Walikuwa wanamwita ndani kwa ajili ya picha. Alijifuta uso kwa fulana, akarudi. Nilimfuata mpaka mlangoni. Yule mzungu wa Kipushi alisimama kando yake, akaushika mkono wake juu ya kiwiko, akaubonyeza taratibu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kaka hakuuondoa mkono. Mpiga picha alimwambia atabasamu, naye akatabasamu.