Kidole cha Mama Atieno

Siku yangu ya kwanza maabara, mapema miaka ya tisini, mkuu wetu alinipa kipande cha nyama ya mgonjwa kilichogandishwa ndani ya nta, akaniambia nikikate chembamba mpaka mwanga upite. Nilikikata kama sukuma wiki! Alicheka hadi akavua miwani. Lakini mwaka haukuisha kabla sijawa mkataji bora pale, na sioni haya kusema hivyo.

Basi vijana, sikieni jinsi nusura nimuue mtu.

Mama Atieno aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, mtaani Kisumu Ndogo, akizitembeza kwa beseni hadi mtaa jirani wa Ayany. Chini ya kidole gumba cha mguu alikuwa na doa jeusi. Kliniki ya mtaani ilitoa kipande ikatuletea. Nilipotazama kwa darubini niliona ngozi nene tu, nikaandika: sugu. Siku hizo wengi wetu tuliamini saratani ya ngozi ni ya wazungu.

Mkuu alikataa kutia sahihi. "Umekata juu juu. Rudi, ukate ndani."

Nilirudi nimenuna. Vipande vya ndani vikaniumbua: melanoma, saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi. Seli zenye afya hushikana na jirani zake kwa protini iliyo kama gundi. Hizi zilikuwa zimeachana. Zikishaachana, mkuu alinieleza, hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha utando ulio chini yake, zikapenya, zikasafiri hadi tezi za kinenani, kisha mapafu. Hizi ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kupenya.

Nilimfuata Mama Atieno mwenyewe kibandani kwake, nikamwambia kidole lazima kikatwe.

"Wee dada, si ni mwiba tu! Nikikatwa kidole, omena nitatembeza na nini?"

"Mama, kidole kikibaki, huo ugonjwa utahama bila kukuuliza. Ukifika mapafuni, hatutauweza."

Akafunika omena kwa gazeti. "Kwani uliona na macho yako?"

"Niliona. Na mara ya kwanza nilikosea."

Alinitazama sana. "Daktari anayekubali amekosea sijawahi kuona. Haya, twende."

Alikatwa kidole wiki hiyo hiyo.

Sasa nimestaafu, na mashine za leo ni hodari kuliko zetu. Sawa, nimekubali. Lakini mwaka niliostaafu nilipita Ayany, nikasikia vijana wakimtania mwanamke mwenye beseni: "Niaje mathee, mbona unachechemea kama bata?"

"Chekeni mguu," Mama Atieno aliwajibu. "Mwenye mguu yuko."