Matuta Yangu Matatu kwa Mama Ngollo

Nakumbuka siku moja ya kulima, mwanangu, na wiki hii imenirudia kwa sababu ya simu ya mjukuu wangu Kabula, ninayeishi naye hapa Ngokolo.

Mwigizaji mmoja wa filamu, binti ambaye kila nyumba inamjua, alikwenda harusini Kagongwa. Ngoma ya kwetu, ile ya majembe, ilipopigwa akavua viatu, akachukua jembe la mchezaji mmoja, akalirusha, akazunguka, akalidaka. Ni kipande kifupi sana, ukikohoa tu kimekwisha. Mtu akakirekodi. Asubuhi kilikuwa kwenye simu ya Kabula, mchana kwa akina mama wa sokoni, na jioni kijana wangu aliyeko machimboni Mwakitolyo akanipigia: "Shikamoo baba. Umemwona anavyocheza ngoma yetu?" Nikamwambia marahaba, nimemwona mara sita. Sasa nchi nzima inarusha majembe, mengine hayajawahi kufika shambani. Kabula mwenyewe amecheza uani na mwiko wa ugali, akajiweka mtandaoni, na tangu hapo anachungulia simu kila dakika kuona wangapi wamemtazama. Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikamkumbuka Mama Ngollo.

Sisi tulicheza tukilima. Mtu akizidiwa na shamba anaalika kikundi chetu, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na kazi ikiisha tunakula kwake. Mama Ngollo alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Alituchinjia beberu wake wa pekee ili tumlimie matuta ya mahindi kabla mvua haijachanganya.

Mimi nilikuwa hodari wa kurusha jembe, na nilijijua. Siku hiyo watu walijaa kando ya shamba, wasichana wako mbele. Nikarusha, nikazunguka, wakapiga vigelegele, na sikutaka tena kuinama. Basi nikafanya wanavyofanya wavivu wa kwetu: nikavuta udongo kidogo nikafunika nyasi ambazo sikuzilima. Kwa macho, matuta yangu matatu yalipendeza kuliko ya wenzangu wote. Ujana ule ulikuwa mtamu, nisikudanganye. Hata leo nikisikia ngoma ile, magoti haya mabovu yanataka kuinuka.

Manju, yaani kiongozi wa ngoma yetu, alikuwa mzee Ng'wandu. Hakunikaripia mbele za watu. Alisubiri tumalize kula, akanirudisha shambani, akachomeka fimbo kwenye tuta la mwenzangu, ikazama. Akaichomeka kwenye langu, ikagota.

"Nyanda, kijana wangu," akasema taratibu, "watoto wa huyu mama watakula vigelegele?"

Akaniagiza nirudi kesho yake, peke yangu, bila ngoma, niyalime upya. Nikaitikia. Lakini kesho yake watu wa kijiji cha jirani walituma mtu kuniita kwa jina, wanataka kumwona yule mrusha jembe. Nikaenda huko. Kesho kutwa nikaitwa kwingine, nikaenda na huko, na kila nilipomkumbuka mjane yule nilijiambia bado kuna siku.

Nilipokuja kurudi zilikuwa zimepita wiki tano. Mahindi ya kwenye matuta yangu yalikuwa ya njano, mafupi, nyasi zimeyapita. Nilitegemea matusi. Mama Ngollo akanipokea kwa maji ya kunywa.

"Karibu baba. Siku ile ulitufurahisha sana. Watoto hawajaacha kukuigiza."

Nikatazama uani. Wale wanne walikuwa wanarusha vijiti, wanazunguka, wanadaka. Nilipalilia nilichoweza, nikampelekea na michembe ya mama yangu, viazi vitamu vilivyokaushwa, lakini wakati wa kupanda ulishapita. Mwaka ule chakula chake kiliisha mapema, na kila nilipopita niliwakuta watoto wake wakicheza mtindo wangu, mbavu ziko nje. Niliona aibu, mwanangu, na bado naiona.

Yule mwigizaji simlaumu. Kucheza ndiyo kazi yake, na ameifanya vizuri kuliko nilivyoifanya mimi yangu. Wewe nawe cheza, jirekodi, wakutazame mpaka Geita na ng'ambo ya ziwa. Ila watu wakikushangilia, mtafute kwa macho yule aliyekuita kazini, ujiulize anangoja nini kutoka kwako. Awe mgonjwa wako, mteja wako, mwanafunzi wako au mtoto wako wa kumzaa, mpe kwanza kazi ambayo fimbo itazama, hata kama hakuna anayeiona. Na ukiambiwa umekosea, rudi kesho yake. Usiende unakoitwa kwa jina.

Mungu akupe nguvu za mikono, akupe na furaha ya ngoma. Na yeyote atakayekukabidhi shamba lake, watoto wake washibe.