Samaki Walioozea Maabara

Mpaka leo nikimsikia mtu anajisifu kwamba kila kitu anafanya mwenyewe, naondoka zangu.

Mkuu wa shule ambaye nilikuwa makamu wake, huku Pongwe, ndiye alikuwa hivyo. Stoo yeye, kengele yeye, hata chumvi ya maharage ya wanafunzi aonje yeye. Wanasema mshika mawili moja humponyoka. Huyu alishika shule nzima. Mwalimu wetu wa baiolojia aliijua maabara kama jiko la mama yake, kila likizo yuko kwenye mafunzo kwa nauli yake. Ufunguo? Hakupewa hata siku moja. "Mali ya serikali hiyo," mkuu akamwambia, utadhani binti wa watu ni mwizi.

Ijumaa, kabla ya mtihani wa taifa wa vitendo wa Jumatatu, mwalimu alileta samaki wabichi ili kidato cha nne wajizoeze kesho yake. Mkuu akawapokea, akawatia kwenye friji ya maabara, akafunga mlango. Kisha, eti kubana matumizi, akazima umeme wa jengo zima. Huyoo, harusini Muheza na funguo zake! Nikapiga simu weee, haipokelewi. Mlinzi naye akakataa katakata kufuli kuvunjwa.

Jumamosi watoto wakashinda barazani, mwalimu akiwachorea samaki sakafuni kwa chaki. Binti mmoja, wa kwanza darasani, aliyetaka uuguzi kufa na kupona, alinakili kila mstari.

Jumatatu alfajiri ndipo mkuu alipofungua. Lahaula! Uvundo ule! Maji ya samaki yametambaa mpaka chini ya meza. Tukadeki, tukamwaga dawa, tukafungua madirisha, wapi! Saa ikafika, watoto wakaingia humo humo. Na yeye, kaziba pua kwa leso, anamfokea mwalimu mbele yao, "Nani alikutuma ununue samaki?" Nilimwona anatia kinyaa kuliko mizoga yenyewe, na nalisema bila haya.

Katikati ya mtihani, yule binti alitoka mbio, mkono mdomoni. Akatapika kwenye maua, akanawa, akarudi ndani. Muda ulipokwisha akanifuata ofisini, macho mekundu.

"Madam, swali la mwisho sijaligusa. Wataniruhusu kulirudia?"

Nikamwambia hapana, mwanangu.